Kovu la Mzee Quýnh

Katika hospitali ile ya Cần Thơ, madaktari wa dawa na madaktari wa kisu waliishi kama paka na panya. Wa dawa walishikilia kwamba kisu huichokoza saratani ya mapafu, ikasambaa. Thịnh, bingwa wa upasuaji, alijibu kwamba wanamletea wagonjwa waliobakiza kukata roho tu, halafu lawama anabebeshwa yeye.

Basi Daktari Khuê wa dawa alipomgundua Mzee Quýnh akiwa na uvimbe wa saratani pafuni, mdogo kama punje ya karanga, ambao haujatambaa popote, alimpelekea Thịnh picha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilidhani mnasubiri uote mizizi kwanza," Thịnh akasema. "Mlete wiki hii."

Kumleta sasa ndiko kulikokuwa na kazi. Watoto wa mzee walikuwa wamemwambia baba yao ana kovu la kifua kikuu cha ujanani, wakamwapisha Khuê naye asifumbue kinywa. Ndiyo desturi: mgonjwa huambiwa mwisho, au haambiwi kabisa.

"Binti yangu," mzee akamwuliza Khuê, akikoroga kahawa yake, "hata goti langu lina kovu tangu vita. Mbona hilo hamlikati?"

"La kifuani ni baya zaidi, mzee."

"Linafanya ubaya gani?"

Khuê akamtazama Diễm, binti mkubwa wa mzee. Diễm akatazama feni.

Nje ya wodi Diễm akamshika mkono. "Dada daktari, mlazimishe. Ila usimwambie."

"Nimlazimishe kwa lipi? Nimwambie pafu lake halipendezi?"

"Wewe ndiye uliyesoma."

Wiki ikaisha, nyingine ikaingia, mzee anakataa kwa adabu zake zote. Siku moja Diễm alipotoka kununua uji, Khuê akafunga mlango, akavuta kiti, akamweleza mzee ukweli wote.

Mzee akauliza: "Mkikata, nitapona?"

"Siwezi kuapa. Lakini sasa nafasi ipo, na haitatungoja."

"Basi nikateni. Ila wanangu wasijue kwamba najua. Wataniangulia vilio, na mimi sipendi kelele nikila."

Diễm aliporudi, mzee akapokea bakuli. "Kovu hili limenichosha. Walitoe tu." Diễm akamkonyeza Khuê kwa shukrani. Khuê akatazama feni.

Jioni Thịnh akampigia simu. "Hebu niambie, kwa watu hawa nasema nakata nini?"

"Ukiwa na mzee peke yake, saratani. Ukiwa na watoto peke yao, saratani. Wakiwa pamoja, kovu."

"Khuê."

"Kata kesho asubuhi, kaka. Kabla hawajaanza kuzungumza wao kwa wao."