Vitundu vya Upande wa Maji

Oili ilitoka nyeupe kama uji. Shangazi yangu akainama kwenye beseni, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Maji ndani ya oili! Kobe, funguo zangu."

Kobe, dereva wa trekta lake kwa miaka saba, alizitoa taratibu kama anavyofanya kila kitu.

"Mama, mimi sijaua injini yako."

"Hukusafisha chujio la hewa. Vumbi limekula silinda mpaka zimetoboka."

"Nasafisha kila asubuhi."

"Kwa ulimi?"

"Shangazi," nikasema, "subiri niifungue. Bado sijaona kitu."

"Wewe fundi, hata nyumba ikiungua utasema hujaona moshi." Lakini akavuta kigoda, akaketi na funguo zake.

Nina mazoea ambayo mafundi wenzangu huyacheka. Kabla ya kung'oa slivu, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, huichora kila moja mshale wa chaki unaotazama rejeta. Nikachora zote nne, nikang'oa ya kwanza.

Nikapitisha kidole ndani. Vumbi hula kutokea ndani na kuacha ukingo huko juu, ringi za pistoni zinapoishia. Hapakuwa na ukingo. Hata mistari ya kiwandani ilikuwa bado inaonekana!

Nikaigeuza. Kwa nje, panapozungukwa na maji, chuma kilikuwa kama hindi lililobunguliwa. Kitundu kimoja kilitokeza hadi ndani.

Ya pili, vitundu. Ya tatu, vitundu. Ya nne! Nikazipanga mezani, mishale yote ikielekea dirishani. Vitundu vyote vilikuwa upande mmoja, ule ambao pistoni huugonga inaposukumwa na moto.

"Njooni! Njooni muone!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. Kobe aliangusha spana.

"Si vumbi! Pistoni ikigonga, slivu hutetemeka, na maji ya nje hutoa mapovu. Kila povu likipasuka humega chuma kidogo. Dawa ya rejeta ndiyo inayozuia. Nani anajaza rejeta?"

Kobe akatazama viatu vyake. Shangazi akakohoa.

"Mimi. Maji yaliyokuwemo yalikuwa ya kijani, nikajua yameota uchafu. Nikamwaga. Nikatia maji safi kabisa, ya kuchemsha, nikayachuja mwenyewe."

"Kobe, ulijua?" nikauliza.

"Nilimwambia mara moja. Akasema nisimfundishe usafi."

Shangazi alizishika slivu zote nne, moja moja, akipapasa vitundu kwa kucha. Kisha akaenda kwa Kobe, akazitumbukiza funguo katika mfuko wa ovaroli lake.

"Kalete hiyo dawa ya kijani."

"Sawa, Mama. Na usije ukaichemsha."

"Nenda, Kobe! Nenda kabla sijakuchemsha wewe!"

Akaenda. Kwa mara ya kwanza nikamwona Kobe akikimbia.