Maua ya Kifusi

Baba yangu alikuwa fundi saa, na mtu aliyekaa miaka mingi akitazama vijichuma kwa lenzi jichoni hawezi kupanda maua kama watu wengine. Alizipanda mbegu za mama kwa kibano. Nilimwona kupitia dirisha, nikiwa kwenye cherehani yangu: amepiga magoti uani, anachukua mbegu moja, anaikagua, anailaza kwenye udongo, kisha anasogea kidogo na kuchukua nyingine. Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia.

Mama mwenyewe alizitupa tu kama anayelisha kuku, huku akipiga soga na jirani.

Lilikuwa ua la porini, rangi ya chungwa, na katikati lina jicho jeusi. Wengine waliling'oa kama gugu. Mama aliliona kando ya njia zamani, kabla sijazaliwa, akachuma vikonyo vilivyokauka akaja navyo nyumbani. Tangu hapo kila msimu wa mvua liliota mbele ya mlango wetu, likachanua, likamwaga mbegu, likafa. Halina mizizi ya kungojea mwaka wa pili. Msimu ukipita bila mbegu, basi tena.

Utoto wangu wote una rangi ile. Nikifumba macho naiona ngazi ya mlangoni, mama amekaa ananisuka, magoti yake yamenibana masikio, na maua yanatikisika kila nyuki anapotua. Nilikuwa nalalamika kwamba ananiumiza. Leo ningetoa chochote nibanwe tena vile.

Mama alipofariki tuliiuza nyumba, na mwenye nyumba mpya akamwaga saruji ua mzima. Baba akahamia kwangu na sanduku moja na kichupa cha dawa ya kikohozi kilichobeba mbegu. Ndizo zilizobaki. Nikamwambia asipande zote.

"Nizibakize za nini?" akasema. "Mimi mwenyewe nina siku ngapi za kungoja?"

Zikaota. Baba akachanganyikiwa kwa furaha. Akaagiza samadi, akatoboa matundu chini ya kopo la maziwa, na asubuhi na jioni akawa anainyeshea mimea ile mvua yake mwenyewe. Majani yakanenepa, yakawa mapana kama kiganja changu. Lakini ua, hakuna. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee, mboga zako zimekubali kweli! Nigawie fungu moja basi."

Baba alinuna siku nzima.

Mvua zilikuwa zinaaga. Siku moja nilikuwa napinda suruali ya sare, mafundi wa nyumba ya pili wakamwaga kifusi, na ule mlio wa kokoto zikiporomoka kutoka kwenye toroli ukanirudisha nyuma. Nilimwona mama anatoka kwa wajenzi na ndoo kichwani. Wenzake waligombania samadi. Yeye aliomba mchanga na vipande vya matofali, akavimwaga palepale kwenye maua yake. Watu walisema amerukwa na akili. Nilipomuuliza alinijibu, "Haya yamezoea shida. Ukiyalisha vizuri yanakaa kunenepa tu, kama baba yako akiwa likizo."

Niliacha mshono, nikatoka.

"Baba, tumeyadekeza haya. Tusiyape maji tena, hata tone."

"Yatakufa."

"Yasiposikia kiu hayachanui. Yasipochanua hakuna mbegu, na mwakani hakuna kitu. Ndivyo alivyofanya mama."

Nikanyoosha mkono nichukue kopo. Akalikumbatia kifuani.

"Siwezi, mwanangu."

"Huwezi nini? Si kopo tu hilo!" Ulimi wangu haujui kungoja.

Akakaa kwenye ngazi, kopo likimdondokea miguuni.

"Siku ya upasuaji mama yako aliniomba maji," akasema. "Walikuwa wamekataza, asile wala asinywe mpaka wamalize. Akaniambia, 'Hata ya kulowesha midomo tu, mume wangu.' Nikamwambia vumilia, ukitoka utakunywa. Wakamwingiza ndani. Hakutoka." Akautazama mkono wake. "Nilimnyima maji mimi."

Sikuwahi kulijua hilo. Nilikaa kando yake, nikatamani kumwambia hakukosea, lakini hilo alilijua, na halikumsaidia kitu. Akaniwekea kopo mapajani, akaingia ndani.

Kifusi nilikimwaga peke yangu. Jua likawaka, majani yakasinyaa, ncha zikaungua. Baba akaacha kupita uani; akitaka kwenda bafuni alizunguka nyumba nzima. Mimi nilikuwa nashona huku roho iko juu, maana likifa, nimeliua mimi. Kisha asubuhi moja nikafungua dirisha nipate mwanga wa kutunga uzi, na katikati ya majani yaliyonyauka jicho jeusi lilikuwa linanitazama.

Nikapiga ukelele. Baba akatoka na kiatu kimoja. Alipiga magoti, akavaa lenzi yake ya kazi, akalitazama ua lile muda mrefu sana. Alilia, nami nikalia, na jirani akachungulia akaondoka bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Yalichanua mengi, ua mzima ukawa rangi ya chungwa. Kisha yakakauka, yakabaki vijiti vya kahawia. Baba alichuma mbegu kwa kibano, akakijaza kichupa hadi shingoni, akanikabidhi.

"Nipe kopo langu," akasema.

Nilikuwa nimelificha chini ya cherehani. Akalijaza bombani, akarudi polepole, akainama juu ya vijiti vile vikavu ambavyo maji hayangeweza tena kuvidhuru.

"Haya, mke wangu," akasema. "Sasa kunywa."