Nane na Nusu kwa Lita

"Dada, njoo leo leo. Mama anakutaja wewe tu," kaka yake alimwambia kwenye simu asubuhi ile, na mwanamke akafunga begi. Safari ilikuwa ya kilomita mia nne na ishirini. Kwa pikapu tupu, ni mwendo wa saa tano tu.

Lakini mumewe, ambaye wenzake kazini walimwita Kijiko kwa sababu hata dizeli ya kumwagika aliipima, alikuwa nje anafunga tela la kulala nyuma ya gari. Yeye halali ukweni, kasema, basi. Na kwa kuwa tela linakunywa mafuta, akapunguza mzigo: jiko, nje, godoro la akiba, nje, na lile blanketi ambalo mkewe alimfumia mama yake kwa miezi minne, nje pia.

"Jamani, blanketi nalo lina kilo ngapi?"

"Mbili na robo. Nimelipima."

Alilipima! Mama mkwe yuko kufani, bwana mkubwa anapima blanketi.

Barabarani mshale wa spidi uliganda kwenye sitini. Malori ya mchanga yaliwapita yakiwapigia honi.

"Ongeza mwendo, baba watoto, nakuomba."

"Nikizidisha, upepo unagonga uso wa tela. Mafuta yanaondoka bure."

Mara mbili walisimama kwenye kituo cha mafuta. Mumewe akajaza tangi hadi shingoni, akalitikisa gari kwa bega hewa itoke, akaongeza tone, kisha akaandika kwa chaki kwenye dashibodi kilomita alizopata kwa lita: saba nukta nane. Halafu: nane nukta moja.

Saa saba kaka alipiga tena, akamwekea mama simu sikioni. "Nimekaribia, mama," mwanamke akadanganya. Zilibaki kilomita mia na ishirini. Akamgeukia mumewe akilia. "Liache tela hapa! Tutalirudia!"

"Na hesabu yangu ya tangu asubuhi niitupe?"

Walifika saa tisa. Kaka mtu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Amekata roho saa nane, dada. Simu bado ilikuwa mkononi mwake."

Mwanamke akaketi pale pale kwenye kokoto, akalia kwa sauti. Kijiko akampa shemeji yake mkono, akasema pole. Kujizuia kukamshinda.

"Nane na nusu, shemeji. Na tela nyuma! Umeshaona wapi?"

Siku ya tatu baada ya maziko, Kijiko aliwasha gari na kumwita mkewe. Mwanamke hakunyanyuka.

"Nenda zako," alisema, na alitaka kila neno limchome. "Bila mimi litakuwa jepesi. Litakunywa kidogo."

Kijiko akamtazama juu mpaka chini, taratibu, kwa makini ambayo mwanamke hakuwahi kuyaona tangu siku ya harusi yao.

"Sasa hivi una kilo ngapi?" akauliza, huku akitafuta chaki mfukoni.