Afande Ajifunza Kuburuta Miguu

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu aliwafundisha askari kutembea. Walioingia chuoni wakiyumba kama mizigo isiyofungwa vizuri walitoka wakikanyaga ardhi kwa kishindo kimoja, goti juu, kisigino chini. Na hata baada ya kustaafu kwake hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina jingine ila Afande. Nyumbani kwake kosa la kuvunja kikombe lilisamehewa upesi. Kosa la kuburuta miguu halikusamehewa. Mkewe, ambaye alipenda kupita sebuleni kwa kandambili zake bila haraka, alikuwa ameambiwa "Inua miguu, mama!" mara nyingi kiasi kwamba maneno hayo hayakumshtua tena zaidi ya mngurumo wa friji.

Basi asubuhi ya tatu ya likizo yao, familia hiyo ilisimama pamoja na wageni wengine sita mbele ya kibanda cha mbao kando ya gati, palipokuwa ofisi ya safari za kwenda kuwalisha taa. Taa ni samaki bapa, mpana kama sinia, mwenye mkia mrefu kama mjeledi na mwiba wa sumu juu ya mkia huo. Naye hupenda kulala katika maji ya kina kifupi akiwa amejifunika mchanga. Familia yenyewe ilikuwa Afande, mkewe, na mjukuu wao wa miaka tisa, aliyepewa jina la Maswali kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Mama yake alikuwa amebaki hotelini na mtoto mchanga. Msichana huyo alikuwa amechora taa katika madaftari yake yote, likiwemo la hisabati, na babu yake alikuwa amemwahidi, mezani, mbele ya mashahidi, kwamba likizo hiyo angemlisha mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Afande hakuwa amevunja ahadi tangu ujana, wala hakukusudia kuanzia uzeeni.

Mwongozaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa ili isikike.

"Pete, bangili, saa, vyote vinabaki hapa," alisema. "Taa hashikwi mkia. Taa hanyanyuliwi kwa ajili ya picha. Kila mtu anapata vipande vitatu vya ngisi, basi. Hawa si kuku wa uani. Wakizoea kushibia mikononi mwetu, siku moja watakuja kudai mikono."

"Dada, na hiyo chupa ya chai ni ya nani?" aliuliza mwuza magodoro, jamaa mnene mchangamfu aliyekuwa amevaa simu yake shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. "Mimi hunywa bila sukari."

"Hiyo ni ya maji ya moto, kaka. Mtu akichomwa, yanamiminwa kwenye beseni, mguu unatiwa humo huku tunamkimbiza hospitali. Kwa hiyo omba Mungu nisikukaribishe."

Watu wakacheka, na mwuza magodoro akacheka kuwapita wote.

"La mwisho ndilo kubwa," akaendelea mwongozaji. "Majini hakuna kuinua mguu. Mnaburuta. Taa akiguswa ubavuni na kidole anaondoka zake. Akikanyagwa mgongoni, anapiga. Na usinidanganye kwamba una viatu, kiatu hakimzuii."

"Kuburuta?" aliuliza Afande, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mbele ya watoto.

"Kuburuta, mzee wangu. Kama mtu mvivu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi."

Mkewe aligeuza uso akatazama bahari. Mabega yake yalikuwa yakicheza.

Lakini sharti la watoto liliwaondolea wote watatu kicheko. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hakuruhusiwa kuingia majini ila ameshikwa mkono na mtu mzima wa familia yake, na mtu mzima huyo ni lazima awe amefaulu jaribio. Bibi alikuwa amejikwaa kwenye ngazi za hoteli, kidole chake cha mguu kikachubuka, na mwenye kidonda hakuingia. Alibaki Babu.

Jaribio lilifanyiwa ukingoni mwa maji, mahali yalipofunika vifundo vya miguu. Mwongozaji alikuwa amechomeka vijiti viwili, na kati ya vijiti hivyo alifukia chini ya mchanga sahani sita za plastiki, nyembamba, zimefudikizwa. Mtu alipaswa kutoka kijiti hadi kijiti. Aliyeburuta miguu aliisukuma sahani kwa ncha ya vidole, akajua ipo, akaizunguka. Aliyekanyaga alisikia mwenyewe. Kila mmoja alipewa nafasi tatu, na boti ilikuwa iondoke saa tatu kamili.

Wageni wengine walipita kwa mizaha na kusukumana. Mwuza magodoro alifaulu kwa mara ya kwanza, akajipigia makofi.

Afande alinyoosha mgongo, akavuta pumzi, akaanza. Hatua mbili za kwanza zilikuwa mbovu, yaani nzuri. Katika hatua ya tatu mwili ulikumbuka kazi yake. Goti likapanda, kisigino kikashuka, na chini ya maji kukasikika mlio mdogo mkavu.

"Taa huyo amekufa," alisema Maswali.

"Na babu yako?" aliuliza mwongozaji.

"Babu analia."

Mara ya pili Afande alijitahidi kuliko mara ya kwanza, na bidii hiyo ndiyo iliyomponza. Alikuwa akihesabu moyoni, kushoto, kulia, kushoto, kulia, nayo hesabu ikayavuta magoti juu kama vikaragosi vya kamba. Alifika sahani ya tano, akaipasua vipande viwili. Alipogeuka alimwona mjukuu wake amesimama kando ya kijiti, ameshika mikono nyuma. Uso wake ulikuwa wa mtoto anayejizoeza kusema kwamba hakujali sana. Afande aliwahi kukaguliwa na wakubwa wengi maishani, lakini hapakuwa na jicho lililowahi kumkagua vile.

"Dada," akasema Bibi, "niazime mwanafunzi huyu dakika mbili."

Akampeleka kwenye mchanga mkavu.

"Mzee, nitazame mimi. Kwanza acha kuhesabu."

"Nisipohesabu nitajuaje mguu upi unafuata?"

"Hujui. Unafuata wenyewe. Tembea kama mimi nikisikia mlango unagongwa na ninajua ni wewe."

"Kumbe hukawia makusudi!"

"Leo ndiyo umegundua? Mabega chini. Kiuno kilegee. Kilegee, nimesema! Unanionea haya kwani tumekutana jana?"

"Mwanamke wewe umeingojea siku hii miaka arobaini."

"Arobaini na miwili. Kimya safuni. Nifuate."

Wakaenda, yeye mbele akichechemea kidogo kwa ajili ya kidole chake, mumewe nyuma. Na mchangani ikabaki mistari minne mirefu, miwili iliyonyooka kwa ulegevu wa kuzaliwa nao, na miwili iliyojikunjakunja kama mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Walikwenda na kurudi mara tatu. Wageni walikuwa wameshapanda boti na walikuwa wakimshangilia. Ikiwa dakika tano kabla ya saa tatu, Afande aliingia tena kati ya vijiti, midomo imelegea, macho nusu wazi, akapita sahani zote bila kupasua hata moja.

"Umefaulu," alisema mwongozaji. "Ila mzee wangu, nikwambie ukweli. Hapa hapakuwa na wa kukushtua. Kule ukishtuka, mguu utataka mambo yake ya zamani."

"Nimekusikia," alijibu Afande, na hakika alikuwa amesikia.

Robo saa baadaye boti ilitia nanga kwenye fungu la mchanga ambapo maji yalikuwa maangavu, yakimfikia mtu mzima mapajani. Bibi alibaki botini. Wengine walishuka, wakasambaa polepole, nao taa wakaja: vivuli vya kijivu vilivyopepesha kingo zao kama shuka kwenye kamba, bila kelele na bila haraka. Mmoja alipita karibu na Maswali, naye msichana akauvuta mkono, kipande cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka vivyo hivyo.

"Kinabaki kimoja," alinong'ona.

"Hatuna haraka," alisema Babu, akimshika mkono imara.

Mwuza magodoro ndiye aliyekuwa na haraka. Vipande vyake vitatu vilikwisha kabla hajapata picha ya kumridhisha, akaunyoosha mkono kwenye ndoo ya ngisi iliyokuwa ikielea imefungwa kiunoni mwa mwongozaji. Ndoo ikapinduka. Maji yakaipeleka shehena yote upande wa Afande, na taa wote waliokuwa hapo wakaifuata. Kitu kilaini, kizito, kikamsugua Afande kwenye shavu la mguu.

Goti likapanda.

"Babu, usishushe!" alisema Maswali. "Kuna mmoja chini yako, na wengine pembeni. Amelala pale pale."

"Kila mtu asimame alipo!" aliamuru mwongozaji. Alikuwa hatua kumi mbali, naye hakuweza kukimbia, maana sheria ilikuwa yake. "Mzee, unaweza kukaa hivyo?"

"Kwa muda utakaohitajika."

Alisema hivyo kwa mazoea. Vijana wengi aliwahi kuwasimamisha kwa mguu mmoja mpaka watubu, lakini walikuwa vijana. Punde paja likaanza kutetemeka, na mtetemeko ukashuka hadi vidoleni.

"Dada," alisema kwa utulivu, "mguu huu hautakungoja."

Mwongozaji alimtazama mzee, akamtazama mtoto.

"Binti, kichwa cha taa kiko upande gani?"

"Upande wangu. Ananiangalia."

"Una ngisi?"

"Kimoja."

"Kiweke juu ya kiganja. Kiganja wazi, vidole pamoja, gumba umelikunja ndani. Chutama taratibu, uweke mkono mchangani mbele ya kichwa chake. Mbele, siyo juu yake. Akija, rudi nyuma ukiburuta."

Maswali aliuachia mkono wa babu yake, akachutama mpaka maji yakamfika kidevuni. Akauweka mkono mchangani, kiganja wazi. Mchanga ukafuka kama moshi mdogo. Taa alijiinua, akateleza mbele, akakifunika kiganja chote kwa tumbo lake jeupe.

"Ananifyonza!" alipiga kelele, na wala hakuuvuta mkono. "Babu, ananifyonza kama mtoto wetu anavyofyonza kidole!"

Akarudi nyuma, akiburuta, na taa akamfuata mpaka mkia ukapita. Ndipo Afande alipoushusha mguu wake mchangani, akiuteremsha kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Mwongozaji alipowafikia, mzee hakungoja kuulizwa.

"Niliinua mguu, Dada. Nimevunja sharti."

"Nimeona, mzee wangu. Rudini botini. Mtoto naye anarudi nawe, ndiyo kanuni."

"Ni haki."

"Na wewe kaka wa magodoro," aliongeza bila kugeuka, "utangulie mbele yao, na hiyo simu naomba nikutunzie."

Bibi aliwavuta mmoja mmoja juu ya ngazi ya boti.

"Nilikosa," Afande alimwambia.

"Ulikosa. Amekula?"

"Amekula!" alisema Maswali, akimwonyesha kiganja kilichokuwa kitupu na chekundu kidogo katikati. Kisha akaketi sakafuni, akalikumbatia paja la babu yake kwa mikono yote miwili ili kulituliza. Halikutulia. Liliendelea kutetemeka mbele ya wageni wote mpaka nanga ikang'olewa, wala Afande hakulikemea.