Chai ya Kabla ya Kupimwa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, na mama akasimama palepale jikoni kama mwizi aliyekanyaga bati. Kulikuwa bado giza. Akatega sikio. Chumbani kwa binti yake kimya. Akakoroga tena, taratibu, kisha akainywa chai yote harakaharaka hadi ulimi ukaungua. Sukari aliyotia ingewatosha watu watatu.

Waliambiwa wasile wala wasinywe chochote ila maji, mpaka mtafiti atakapokuja kuwachukua damu. Mama alilisikia agizo hilo vizuri. Ila kuna jambo jingine alilolisikia siku ile kliniki, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na ugonjwa wa bipola. Kuna majira alishona usiku kucha, akacheka peke yake, akawaahidi magauni watu ambao hata hakuwapima. Kisha nguvu zilikatika. Cherehani ikafunikwa shuka, naye akalala ameelekea ukutani. Sasa, kwa dawa, alikuwa anaamka na kuoga, lakini utani wake, ule uliowavunja mbavu wateja, ulikuwa haujarudi.

Mtafiti alifika jua likiwa bado changa, mwanamke kijana mwenye kisanduku begani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama aliliona hilo, akampenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Fundi aliketi kando ya cherehani yake. "Hebu nieleze tena hivyo vidudu."

"Si vidudu, dada," mtafiti alicheka. "Ni mitokondria. Viko ndani ya seli zako, vidogo mno, na ndivyo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Ubongo unakula nguvu nyingi. Sasa tunajiuliza kama kwa baadhi ya wenye bipola vinafanya kazi tofauti. Bado hatujui."

"Na mama je? Yeye haumwi."

"Mitokondria mtu huvirithi kwa mama yake."

Mama akalitambua. Ndilo lile neno la kliniki.

"Hamjatia kitu mdomoni?" mtafiti akauliza.

Fundi akatikisa kichwa. "Maji tu," mama akasema, akiangalia sakafu.

Mtafiti alimfunga mama mpira mkononi, lakini mshipa ukajificha. Basi akauchukua mkono ule wa baridi, akaupasha joto katikati ya viganja vyake, bila haraka, kama mtu anayemtuliza kifaranga. Mama akashindwa kuvumilia.

"Ngoja, mwanangu. Nimekunywa chai. Ya sukari."

"Kidogo?"

"Nyingi." Sauti yake ikapungua. "Nilitaka mkivipima vyangu mvikute vina nguvu. Msije mkamwambia mtoto wangu kwamba ni mimi niliyempa vilivyochoka."

Mtafiti akaulegeza mpira, lakini mkono hakuuachia. "Mama, hata tukivikuta vimechoka, sitaweza kusema hivyo. Maelekezo mengi ya kuviendesha yanatoka kwa baba pia. Na ugonjwa huu una mambo mengine chungu nzima. Sina kipimo cha kumtafuta wa kulaumiwa."

Mama akatafakari. Woga ulipopungua, swali likachukua nafasi yake. "Na mimi vyangu nilivipata wapi?"

"Kwa mama yako."

"Naye?"

"Kwa mama yake. Hivyohivyo mpaka huko nyuma tusikokujua."

Mama akaugeuza mkono wake, akautazama kama mgeni. "Kumbe bado nina kitu cha mama," alisema polepole.

Fundi alikuwa anautazama mkono uleule. "Kijiko nilikisikia," akasema.

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani una njaa. Nikaona vibaya kukuumbua."

Mtafiti alichukua damu ya Fundi peke yake, akasema ya mama italazimu ichukuliwe asubuhi nyingine. Sukari ile ingevuruga kila kitu. Mama akaomba radhi mara mbili, naye mara zote mbili akaambiwa hakuna neno.

Mlangoni, mtafiti akivaa viatu, Fundi alimfuata, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mgeni yeyote kwa muda mrefu.

"Safari ijayo nitalala nimelikumbatia kopo la sukari," alisema. "Akilitaka, itabidi aninyang'anye."

Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. Fundi naye akatabasamu.

"Lakini uje kweli," akamwambia mtafiti. "Usitutumie mtu mwingine. Uje wewe."