Kisanduku cha Saba

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mgeni aliingia masjala ya hospitali, akachukua namba ya foleni na kuketi. Miguu yake ilikuwa na udongo wa kaburini. Zamu yake ilipofika, karani alimsogezea kiti.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikufa Jumanne iliyopita. Nataka kujua kisanduku cha saba kinaitwaje."

Karani alifungua fomu kwenye kompyuta. Ilikuwa na visanduku ishirini, na mkuu wa masjala alivipa vyote majina siku moja akiwa na haraka ya kwenda harusini: Sehemu 1, Sehemu 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwenye cha saba, mgonjwa aliona swali kamili: dawa gani zinakudhuru? Lakini taarifa zilipohamishiwa wodini, swali lilibaki masjala. Kilichosafiri ni jina la kisanduku na jibu.

"Nilijaza penisilini," alisema marehemu. "Wodini wakasoma 'Sehemu 7: penisilini', wakadhani ndiyo dawa yangu. Muuguzi alinidunga kwa upole, maskini. Yeye sina kinyongo naye."

"Nilimwambia bosi mara tatu abadilishe majina haya," alisema karani.

"Kusema si kutenda. Niahidi."

"Leo hii, mama."

Marehemu aliingia ofisini kwa mkuu, akamgusa bega, akaenda zake. Kuanzia hapo kibao cha jina lake mlangoni kilisomeka Sehemu 7. Kitambulisho, vilevile. Mkewe alipiga simu.

"We Sehemu ya Saba, mbona hupokei? Mama yako anauliza eti alikuita nani ulipozaliwa."

Mkuu alisema hakumbuki. Kisha akamwita karani.

"Fomu usiiguse. Tukiibadilisha leo, tumekiri. Ukiigusa, huna kazi."

"Na wewe, bosi, utabaki hivyo?"

"Nitazoea."

Kazi hiyo karani aliipata baada ya miaka miwili ya kubisha hodi. Alirudi mezani, akafuta Sehemu 7, akaandika dawa_zinazomdhuru, akahifadhi.

Barua ya kufukuzwa ilifika saa tisa, imesainiwa Sehemu 7. Nywila ya karani ilikuwa imeshafungwa, na visanduku kumi na tisa vilibaki kama vilivyokuwa. Akachukua kikombe na mwavuli wake.

Kwenye benchi la nje, mzee mmoja alikuwa ameketi na namba mkononi, miguu imejaa udongo.

"Kisanduku cha kumi na mbili," alisema.

"Mlango wa tatu kushoto, babu," karani alijibu. "Mkuu yumo."