Ndani ya Pijo Isiyo na Vitasa

…na mlango ukaingia mahali pake, tap, mlio mzito na mtamu wa gari la enzi za watu wasio na haraka, mlio ule ule Gharib aliotoka kumwambia mnunuzi autegee sikio, "sikiliza hapo, ndugu yangu, hicho ni chuma kinaongea, si makopo haya ya siku hizi," na mkono wake ukashuka kwa madaha kufungua tena ili mlio urudiwe, ukapapasa, ukapapasa, ukakuta matundu mawili ya skrubu na vumbi kidogo, ndipo akakumbuka, ewe Mola, kwamba vitasa vyote vya Pijo, vya ndani na vya nje, na vile vishikio vya kushushia vioo, alivifungua mwenyewe Jumatano akampelekea Hamdani, sonara wa Mwanga, avisugue ving'ae kama bangili za bibi harusi, ili gari lipendeze siku ya kuuzwa, na siku ya kuuzwa ndiyo leo, na vitasa viko Mwanga, na yeye yuko ndani. Akatabasamu, kwani mtu aliyewahi kujifungia kwenye friji la nyama la meli karibu na Durban, akatoka na barafu kwenye nyusi na mzaha mdomoni, hawezi kuaibishwa na Pijo ya mwaka sitini na saba uani kwake Ujiji… ila kwenye friji hakukuwa na mnunuzi anayetazama. Mlango wa pili umebanana na ukuta wa jiko la mkewe, milango ya nyuma aliifunga kwa waya tangu mwaka wa korona, vioo viko juu, kilichobaki ni kidirisha cha pembetatu kinachopitisha mkono hadi kiwikoni, na nje yake mnunuzi mwenyewe, Hatungimana wa Simbo, fundi anayewatengenezea mafundi nguo wa sokoni cherehani zao, mikono nyuma, mpole kama Mkristo aliyealikwa maulidi, anangoja sehemu ya pili ya maonyesho. "Mzee, na kufungua?" "Kufungua kunakuja," alisema Gharib kidirishani, "mambo mazuri hayataki pupa," na jasho la kwanza likamteremka mgongoni taratibu, nalo halikuwa na pupa. Nasra akatoka jikoni na unga viganjani, akamtazama mumewe, akautazama mlango, akalitazama tundu ambapo pangekuwa na kitasa, na Gharib akaona kicheko kikimpanda mkewe kutoka tumboni, kikafika mabegani, kikatoka. "Baba Asia! Unauzwa pamoja na gari?" Hatungimana akainamisha kichwa ili asionekane anacheka, mabega yakamsaliti, na Nasra akapiga simu, "Hamdani, lete vile vitasa, mtu wangu yuko ndani… ndani ya gari, siyo ndani ya kituo cha polisi… haya," akageuka akasema anakuja na bodaboda, amesema anavaa viatu, na Gharib, anayemjua Hamdani tangu madrasa, akajua kwamba kuvaa viatu kwa Hamdani ni safari, akajiegemeza kitini akatulia. Si pabaya humu, kwa kweli, jua la asubuhi linaingia kwa nyuma na kuangaza kioo kikubwa cha mbele, harufu ya dagaa nayo imo, maana Nasra amekuwa akianika dagaa juu ya boneti tangu iliponyooshwa bati, anasema hakuna kichanja kinachopata joto vizuri kama hicho, na kioo chenyewe kilitoka Bujumbura kwa boti, kimeviringishwa kwenye blanketi, Gharib amekipakata mapajani usiku kucha huku abiria wakimuuliza mgonjwa wake anaendeleaje, naye akijibu, anapumua, tumwombee… nani mwenye kuvunja kioo cha namna hiyo ili atoke? Afadhali azeeke humu. Na kupitia kioo hicho anaona paa za majirani, mnazi wa msikitini, halafu ziwa, bluu iliyotulia, na milima ya Kongo kwa mbali kama kitu kilichofutwa kwa kiganja, na wazo likamjia bila hodi, kwamba miaka kumi na mmoja gari hili limeelekezwa ziwani, yeye mwenyewe ndiye aliyelisukuma likaegeshwa hivyo, na kule hakuna barabara. Fundi gani anayeliegesha gari la safari likitazama maji? Akalifukuza wazo. Nje walikuwa wakizungumza, maneno yakifika vipande vipande, Hatungimana akisema "…baba yangu aliendesha ya hivi hivi, kule Rumonge, rangi ya maziwa, mimi nakaa hapo katikati…" na Nasra akiitikia "ego, ego," Kiha chake cha upande wa mama kikimtoka kila anapompenda mgeni, na Gharib akasikia kitu kidogo kikimchoma, si wivu, labda ni wivu, kwa sababu yeye hakuwa na baba wa Pijo, alikuwa na mjane wa karani wa reli tu, aliyemwambia chukua hiki chuma kuku wangu wanataga humo, nacho akakichukua wiki aliyorudi kutoka Maskati, mwaka ule alioapa kwamba amerudi kupumzika kidogo tu… Kidogo tu. Alikuwa amepika katika meli tangu ana miaka ishirini, kwanza za humu ziwani, Mpulungu, Kalemie, Uvira, kisha za bahari kuu, alijua kuomba chumvi kwa lugha saba na kuomba radhi kwa tisa, akirudi Ujiji kila baada ya miaka miwili mitatu na sanduku moja na hadithi ishirini, anakaa mwezi, Nasra akishazoea tena kumsikia akikohoa asubuhi, huyo, anaondoka, Asia akazaliwa yuko Pireo, akaota meno yuko sijui wapi, na alipopata Pijo akawaambia watu wote barazani, nyie ngojeni, hili likiwaka tu, naondoka kwa barabara, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, hadi Tanga, hadi Mombasa, hamtanipata tena, na watu wakacheka, na baada ya Idi, alisema, na baada ya Idi nyingine, na baada ya mvua… "Wiki mbili," ilisema sauti ya Hatungimana, safi kabisa, "nikipata wiki mbili nitaiwasha, Mama Asia," na Gharib akaruka kitini mpaka kichwa kikagonga paa. Wiki mbili! Huyu bwana wa pindo na sindano, wiki mbili, na yeye miaka kumi na mmoja! Akataka kucheka, akakuta kicheko hakiji, kilichokuja badala yake kilikuwa kabureta, imefungwa kwenye kanga kuukuu juu ya kabati chumbani, kabureta iliyorudi kutoka Bujumbura imetengenezwa, nzima, mwaka wa nne sasa, kitu cha mwisho kilichokuwa kikikosekana, boliti nne na mpira wa petroli, kazi ya asubuhi moja, na yeye anajua, anajua kabisa, siku ilipofika alivaa ovaroli, akafungua boneti, akamwomba Nasra spana namba kumi na tatu, Nasra akampa, akaingia ndani, na alipomfuata kuomba maji akamkuta kitandani anakunja mashati yake, yote, yale ya mikono mirefu pia, anayapanga moja juu ya moja kama anavyoyapangia sanduku miaka yote, halii, hanuni, anakunja tu, ukosi ndani ukosi nje, na Gharib akasimama mlangoni na kikombe kitupu akasema, boliti imekataa… Boliti haikukataa. Boliti ilikuwa bado iko mfukoni. Akaifunga kabureta kwenye kanga, akaanza kutafuta kasoro nyingine, taa, breki, rangi, akazipata, gari la zamani halimnyimi mtu kasoro, na jioni mashati yakarudi kabatini, na tangu hapo kila mara aliposema baada ya Idi alikuwa akisema kitu kingine kabisa, kwa lugha ya kumi, ambayo hata yeye hakuwa ameijua hadi sasa hivi, humu, bila kitasa… miaka minne amekuwa akijizuia kuwasha gari ili asilazimike kuondoka, kwa sababu mtu aliyesema ataondoka likiwaka, likiwaka ataondoka, ndivyo alivyolelewa, neno ni deni, na ilikuwa rahisi zaidi kulivunja gari kidogo kidogo kuliko kulivunja neno mara moja. Mjinga wewe, alijiambia kwa upendo, mjinga mkubwa wa bandari zote, unadanganya chuma. Na hii ndiyo iliyokuwa imemkosesha raha tangu jana walipokubaliana bei, alidhani ni uchungu wa kuachana na gari, kumbe ni hofu, gari likiondoka atabaki na kisingizio gani cha kubaki? Akatazama nje. Nasra amefuta unga kwenye upindo wa kanga, amesimama ubavuni mwa Pijo mkono kiunoni, mvi mbili tatu zimetoka kwenye kilemba, na Gharib akaona kwamba anaijua mikunjo ya uso ule, mmoja mmoja, kwamba miaka hii kumi na mmoja ameiona ikija, hakuikuta imeshafika kama alivyokuwa akiikuta zamani, na hilo tu, kuona mkunjo ukija, lilimjaza kifua kama chai ya moto. Hatungimana akachungulia kidirishani. "Samahani, Mzee. Ili iwake, inakosa nini? Nimeuliza Mama Asia, anasema nikuulize wewe." Anasema nikuulize wewe… kwa hiyo anajua, mwanamke huyu, anayefagia juu ya kabati kila Ijumaa, ni lazima anajua, na hajawahi kuitaja, miaka minne. "Haikosi kitu," alisema Gharib, na sauti yake ikamshangaza, haikuwa na mzaha hata chembe, "kabureta iko ndani, juu ya kabati, nzima. Asubuhi moja tu itakutosha. Wiki mbili ni nyingi." Hatungimana akamtazama Nasra, Nasra akawa anatazama ziwa, na mahali fulani bodaboda ilipita bila kusimama, siyo Hamdani, Hamdani bado yuko kwenye kiatu cha kwanza, na Gharib akasogeza mdomo kidirishani, shavu likibanwa na bati la moto, sura ambayo mtu hatakiwi kuwa nayo anapotoa jambo kubwa maishani. "Mama Asia… likiondoka hili, ujue mimi siendi tena. Popote. Nabaki." Nasra akageuka taratibu, akamtazama kwenye kile kipembe cha kioo.

"Hilo Ujiji nzima inalijua, ulikuwa umebaki wewe tu. Mpe mtu kadi ya gari."